Nyumba Saba Kwenye Shimo la Tisa

Kila Jumatatu saa moja asubuhi, kabla ya kuwasha injini, Anselmo alichana gazeti la juzi vipande vyembamba akailisha mashine ya kukatia majani. Alipiga magoti, akazungusha visu polepole kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akapenyeza karatasi kati ya visu na ule upanga wa chini usiozunguka. Karatasi ikikatika safi kulia, katikati na kushoto, mashine iko tayari. Ikitafunwa, upanga umelegea. Ikikwama, umekazwa kupita kiasi. Aprili ile ya mwaka 1953 karatasi ilikatika safi kila mahali, na bado majani ya shimo la tisa yalitoka kama kichwa cha mtu aliyenyolewa na hasimu yake.

Shimo la tisa ndilo lililoishia mbele ya baraza ya klabu, kule mwisho wa Kinondoni, karibu na barabara ya Bagamoyo. Kwenye mashimo mengine Wazungu walicheza gofu yao mbali na macho ya watu. Hapa walichezea mbele ya wenzao waliokaa na bilauri mkononi, kwa hiyo majani ya hapa yalitazamwa kuliko majani mengine yote ya Tanganyika.

Mashine yenyewe ilikuja mwaka uliotangulia ndani ya sanduku la mbao. Ilikuwa ya petroli, na dereva hakuisukuma bali aliikalia, kwenye kiti cha chuma chenye matundu kilichofungwa nyuma juu ya rola. Kabla yake kulikuwa na watu sita wa kufyeka kwa mikono. Siku sanduku lilipofunguliwa, watano waliambiwa waende zao. Anselmo akabaki kwa sababu aliwahi kuendesha trekta huko kwao kusini, kwenye mashamba ya karanga ya Nachingwea.

Katibu wa klabu, Mzungu mrefu ambaye kila mtu alimwita Bwana Katibu, alikuwa amempa ahadi. Tarehe mbili Juni ilikuwa sikukuu ya kutawazwa kwa Malkia, na klabu ingejaa wakubwa. Shimo la tisa likiwa sawasawa siku hiyo, Anselmo atapewa chumba namba nne kwenye kota za nyuma, chenye kuta za matofali na bati juu. Lisipokuwa sawasawa, kiti cha mashine kitakaliwa na mtu mwingine. Wakati huo Anselmo alikuwa akilala Temeke na wanaume wanne wa kusini ndani ya chumba kimoja, na mkewe Sesilia alikuwa Masasi na mtoto wao Filomena, ambaye alikuwa ameshaota meno yote bila baba yake kuona hata moja. Chumba namba nne hakikutoka kichwani mwa Anselmo, hata kanisani.

Basi akahangaika. Ubaya wa majani ulikuwa huu: mashine ikishapita, zilibaki nyuma yake kingo za majani marefu, upana wa shubiri, urefu wa kufika ugoko, zimesimama zimenyooka kana kwamba hakuna kisu kilichopita. Mwanzoni kingo hizo zilionekana kama uchafu tu. Anselmo akadhani visu ni butu. Akavisugua kwa unga wa msasa uliochanganywa na mafuta, akizungusha kinyumenyume hadi mkono ukafa ganzi. Majani yakakatika vizuri zaidi, na kingo zikaonekana kuwa na pembe.

Akaupeleka mtungo mzima wa visu Temeke kwa Jamali, fundi aliyenoa kila kitu kuanzia mikasi ya washonaji hadi mapanga ya wachinjaji. Jamali alikaa nao siku mbili, akaurudisha unang'aa. Majani yakatoka laini kama zulia, na kati ya pembe na pembe yakaonekana mapengo ya milango.

Akapunguza mwendo. Akashusha rola ya mbele, kisha akaipandisha. Akaacha kukata asubuhi penye umande, akasubiri saa nne majani yakauke. Kila alipoongeza uhodari, kazi ilionekana mbovu zaidi, maana sasa mtu aliyekaa barazani aliweza kuona wazi vyumba, kumbi na nyua, na nyuma ya kila nyumba vichaka vitatu vya majani vimekaa pembetatu, mahali pa mafiga.

"Ni nyumba," alisema Theonest Kamugisha, karani wa klabu, mtu wa Bukoba mwenye miwani, aliposhuka siku moja kutoka ofisini.

"Naziona," Anselmo akajibu.

"Ziko saba."

"Karani, nimezihesabu. Nimezikata mara kumi na nne. Usinihesabie."

Hakuna aliyeuliza ni nyumba za nani, kwa kuwa kila mtu alijua. Palikuwa pakiitwa Kwa Chaurembo. Mwaka 1949 watu wake walipakiwa kwenye malori na masufuria yao wakapelekwa Boko, nyumba zikasukumwa, udongo wa kuta ukasambazwa na kushindiliwa, na juu yake majani yakapandwa. Karatasi ya kuwapa klabu eneo hilo ilisema ni pori tupu lisilo na mwenyewe. Kamugisha ndiye aliyeitunza kwenye faili, na kila alipoifungua alisafisha miwani yake kwanza.

Bwana Katibu alishuka na fimbo yake, akapita juu ya zile kuta za majani akiinua miguu.

"Anselmo. Hii nini?"

"Nyumba, bwana."

"Mimi najua nyumba. Mimi nataka sawasawa. Nyumba hapana."

"Ndiyo, bwana."

"Visu kali?"

"Vikali, bwana. Mpaka gazeti linalia."

"Basi kata," alisema Bwana Katibu, akarudi kwenye chai yake.

Kukata! Rahisi kusema ukiwa umekaa barazani. Mwezi wa Mei mashine yenyewe ikaanza kiburi. Ikifika kwenye ukuta, injini inazima. Anselmo anashuka, anavuta kamba, inawaka, anapanda, inasogea hatua moja, inazima. Alifungua kabureta akaipuliza hadi mdomo ukanuka petroli wiki nzima. Alibadilisha plagi. Alitukana kwa Kimakua, kisha kwa Kiswahili, kisha akaomba radhi kwa Bikira Maria, akavuta kamba tena. Ikazima.

Siku ya tatu ya mapambano hayo, Binti Mwishehe alifika. Alikuwa mama mnene wa Kizaramo, kanga mbili, ufagio wa chelewa kwapani, na unga mweupe wa chokaa umemganda hadi kwenye nyusi, kwa sababu alikuja kutoka Boko juu ya lori la chokaa. Hakuukanyaga ukuta wowote. Alipita njia ya kati ya nyumba ya kwanza na ya pili, akazunguka, akafika kwenye mlango wa nyumba ya tatu, akavua ndara, akaingia. Akafagia ukumbi. Halafu akakaa chini, akanyoosha miguu, akamtazama Anselmo aliyekuwa amekwama nje ya chumba chake cha kulala.

"Shikamoo, mama," alisema Anselmo.

"Marahaba. Ndo wee unayenivunjia nyumba kila Jumatatu?"

"Mimi nakata majani tu, mama."

"Unakata majani, unakata majani! Hebu tazama pembe ya jiko langu ulivyoiparura. Na hapa mlangoni umeacha vishungi kama ndevu za mbuzi. Kazi gani hii? Watu wanapita barabarani wanaona nyumba yangu iko hivi, watasema Binti Mwishehe kawa mchafu uzeeni."

Anselmo alishuka kwenye kiti. Alikuwa amechoka, na jua lilikuwa limempiga, na sasa hata mwenye nyumba analalamika. "Mama," alisema, "mashine haipiti. Imegoma. Ikifika kwenye ukuta inazima."

"Nani kakufunza kupita ukutani? Panya ndo anapita ukutani. Mtu mwenye akili zake anapita mlangoni, tena anapiga hodi."

Anselmo akaitazama mashine, akamtazama mama, akaona hana cha kupoteza. Akaisukuma hadi mbele ya mlango wa nyumba ya tatu, akavuta kamba, akapanda.

"Hodi!" akapaza sauti juu ya mlio wa injini.

"Karibu. Vua viatu."

Akavua viatu. Mashine ikaingia bila kukohoa. Ilikata ukumbi mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, ikageuka kwa adabu, ikaingia chumbani, ikatoka, ikaenda uani. Sakafu ya nyumba ilibaki imekatwa kwa usawa ambao Anselmo hakuwahi kuuona, hakuna mstari wala unywele uliosimama. Binti Mwishehe alikuwa akihama kutoka chumba hadi chumba kumpisha, huku akielekeza kwa ufagio.

Kumbe ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo. Kosa lake Anselmo lilikuwa kukata kwa mistari mirefu kutoka barabarani hadi barazani, kama alivyolima karanga, kana kwamba pale pamelala shamba. Sasa akakata kama mgeni anavyotembelea mtaa: njia kwanza, kisha nyumba moja baada ya nyingine, kwa mlango wake, kisha nyua. Kwenye nyumba ya nne, iliyokuwa ya Bakari mchonga vinu, alipiga hodi akajibiwa karibu, ingawa Bakari alikuwa amezikwa Boko mwaka juzi. Sauti ilikuwa na uchovu kidogo, basi. Nyumba ya saba mlango wake ulikuwa mwembamba kuliko mashine, kwa hiyo aliingia kwa magoti na mkasi wa bustani. Jioni ile shimo la tisa lilikatwa vizuri kuliko uwanja wowote aliowahi kuuona Anselmo maishani, na kuta zote saba zilikuwa zimesimama, zimenyooka, kila moja na kizingiti chake.

Hapo ndipo alipovunjika moyo. Majani aliyakata vizuri, naam. Sawasawa hayakuwa.

Jumatatu iliyofuata Binti Mwishehe alikuja tena. Anselmo alimaliza ukumbi wake, akazima injini, akachuchumaa karibu na mlango.

"Mama, nina jambo."

"Sema."

"Nina mke wangu Masasi. Nina mtoto, sijamshika hata mara moja. Hawa watu wamesema majani yakiwa sawa siku ya sikukuu watanipa chumba. Naomba... naomba uiambie nyumba yako ilale. Na hizo za wenzako. Siku moja tu. Kesho yake zisimame, mie sitasema neno."

Binti Mwishehe aliokota vijani vilivyomganda kwenye nyayo, kimoja kimoja. Hakukasirika, na Anselmo alitamani angekasirika.

"Mwanangu," alisema mwisho, "hii nyumba walipoivunja hawakuniuliza. Iliposimama nayo haikuniuliza. Mie niliambiwa na dereva wa lori kuwa nyumba yako imerudi, nikachukua ufagio nikaja. Ningekuwa na amri juu yake, si ungenikuta nimelala humu na makuti juu?"

"Sasa mie nifanyeje?"

"Kata vizuri. Hicho ndo unachokiweza. Ile pembe ya jiko bado."

Akaikata ile pembe ya jiko, mara tatu, akiwa amekunja uso. Alikuwa amewakasirikia wote kwa mpigo: mashine, Bwana Katibu, Malkia ambaye hata hajui kuwa kuna Anselmo, na huyu mama mwenye jibu la kila kitu. Lakini pembe aliikata vizuri, maana mkono uliozoea kazi nzuri haujui kufanya mbaya hata ukitaka.

Siku moja kabla ya sikukuu, Bwana Katibu alishuka na rula. Akapiga magoti ndani ya chumba cha Binti Mwishehe, akapima urefu wa majani hapa na pale. Akaenda nyumba ya nne akapima, akaenda ya sita. Anselmo alisimama kando ameshika kofia kwa mikono miwili, akijua kuwa huo ndio mwisho wake.

"Ndani safi," alisema Bwana Katibu. "Safi sana. Hapana ona majani kama hii, hata Ulaya." Akasimama, akatazama kuta kwa muda. "Nje... mbaya kidogo. Mimi fikiri."

Akaenda kufikiri.

Sikukuu ikafika, bendera zikapepea, wakubwa wakaja. Kwenye shimo la tisa mke wa ofisa mmoja alipiga mpira ukaruka vizuri, ukatua njiani, ukadunda mara mbili, ukaingia kwa mlango katika nyumba ya tatu na kusimama chumbani. Binti Mwishehe alikuwamo, kwa kuwa haikuwa siku ya mvua na alikuwa na nafasi. Aliuokota, akaufuta kwa pindo la kanga, akampa yule mama wa Kizungu mlangoni.

"Karibu ndani," alimwambia.

"Asante," alijibu yule mama, akauchukua mpira, asiingie. Akageuka kuelekea barazani akauliza kwa Kiingereza kama hilo linahesabiwa kuwa kosa lake la kimchezo au vipi.

Swali hilo lilileta mjadala mkali, mkali kuliko wowote uliowahi kutokea pale. Kamati ya klabu ikakaa jioni ileile. Wengine walisema mpira uchezwe ulipo. Wengine walisema haiwezekani kupiga mpira chumbani kwa mtu. Wakashindana, wakaagiza vinywaji, wakafungua kitabu cha kanuni, wakaona kuwa kitabu kimenyamaza. Mwisho wakakubaliana kuandika kanuni yao wenyewe, na baada ya hapo kila mtu akawa na furaha kubwa, kwa sababu hakuna klabu nyingine yenye shimo kama hilo. Bwana Katibu alipewa pongezi. Naye, akiwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoielewa, alimwita Anselmo kesho yake asubuhi akampa ufunguo wa chumba namba nne.

"Kuta iwe hivihivi," alisema. "Kila wiki. Milango yote. Wewe fundi."

Anselmo aliushika ufunguo. Aliwaza Sesilia akishuka bandarini na mtoto mgongoni, na furaha ilimpanda hadi machoni. Kisha alimwona Kamugisha akitembea kuelekea ukingo wa uwanja, ambako waya mpya ulikuwa umefungwa tangu alfajiri, naye akamfuata.

Binti Mwishehe alikuwa amesimama nje ya waya na ufagio wake. Lori la chokaa lilikuwa limemwacha hapo.

"Shikamoo, mama," alisema Kamugisha.

"Marahaba, mwanangu. Huu waya wa nini?"

Kamugisha alikuwa na karatasi iliyopigwa taipu. Alisafisha miwani. "Kuna kanuni mpya, mama. Nimetumwa kukusomea kwa Kiswahili."

"Soma."

"Inasema: Kwenye shimo la tisa, mpira ukisimama ndani ya nyumba, mchezaji ataingia kwa mlango, atautoa nje ya nyumba, na kuendelea kucheza bila adhabu. Kuta hazitakanyagwa wala kuharibiwa. Wenye nyumba hawaruhusiwi kuwamo."

Binti Mwishehe alisikiliza yote, kichwa amekiinamisha. "Hebu rudia hapo mwanzo."

Kamugisha akarudia.

"Kwa hiyo wameandika kuwa ni nyumba."

"Wameandika, mama."

"Wametia na sahihi?"

"Kamati nzima."

"Na wameandika kuwa zina wenyewe."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Wenye nyumba."

Akatazama ng'ambo ya waya, kwenye nyumba ya tatu. Umande ulikuwa umekauka na kizingiti kilionekana vizuri. "Hawaruhusiwi kuwamo siku za mchezo, au siku zote?"

Kamugisha aliipitia karatasi tena, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichojua hakipo. Akaigeuza nyuma. Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Haina siku, mama."

Binti Mwishehe aliitikia kwa kichwa. Alimgeukia Anselmo. "Na wee, wamekupa chumba?"

"Wamenipa, mama," alisema Anselmo, na alitamani ardhi ingempa mahali pa kujificha.

"Hongera. Mkeo aje upesi, mtoto amjue babake." Akaitazama karatasi mkononi mwa Kamugisha. "Nipe hiyo."

"Hii ni ya ofisi, mama."

"Haya."

Kisha, kwa kuwa alikuwa ametoka Boko na lori halingerudi mpaka saa saba, alivua ndara zake, akainama, akaanza kufagia kale kaukanda ka vumbi alipokuwa amesimama, baina ya waya na barabara. Alifagia kwa utaratibu, kutoka kulia kwenda kushoto, akirundika takataka pembeni. Kamugisha alirudi ofisini. Kutoka barazani Bwana Katibu alikuwa akiita, akionyesha saa yake, maana saa nne kulikuwa na mashindano ya akina mama na majani ya jiko la nyumba ya tatu yalikuwa yameanza kurefuka. Anselmo akauweka ufunguo mfukoni, akaenda kuwasha mashine.